Umeachiwa Nyumba, Mzee na Mbwa: Mambo ya Kuzingatia Kabla Wenyewe Hawajaondoka

Ukiombwa ukakae kwenye nyumba ya watu walio safarini, kwa kawaida utapewa maelezo ya mbwa peke yake na ya mzee peke yake. Huyu anakula saa ngapi, yule anameza dawa gani. Ni vizuri, ila hayatoshi. Mzee na mnyama wanapita mlango mmoja na kukanyaga zulia moja, na mara nyingi hata dawa zao zimekaa kabati moja. Maswali yako yaelekee hapo wanapokutana.

Anza na dawa. Zitolewe zote mezani wenyewe wakiwepo, uulize moja moja: ya nani, ya nini, kabla au baada ya kula, na akisahau inakuwaje. Usikubali kuambiwa "mwenyewe anazijua". Huenda anazijua kweli, lakini siku akiamka amechanganyikiwa hatazijua, na kwa mzee kuchanganyikiwa kwa ghafla ni jambo la kumwona daktari, si la kusema ni umri tu. Dozi iliyosahauliwa hailipwi kwa kumeza mbili kwa mpigo. Vidonge vinavyotoa dawa taratibu mwilini havisagwi, hata akilalamika kwamba ni vikubwa.

Kisha za mnyama zihamishiwe chumba kingine kabisa. Mbwa mwenye upungufu wa homoni ya tezi ya shingo hupewa homoni ileile anayopewa binadamu, ila kwa dozi kubwa zaidi. Insulini ndiyo ya kuogopa zaidi: nyingi ya binadamu ina yuniti 100 kwa mililita, baadhi ya zile za mifugo zina 40, na kila moja ina bomba lake la sindano. Ukivutia dawa hii kwa bomba la ile, kipimo kimeshaharibika.

Hatari huenda upande wa pili pia. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka, na ibuprofeni humharibu mbwa tumbo na figo. Kwa hiyo mzee ameze dawa akiwa ameketi mezani, sahani ikiwa chini ya mkono wake, mbwa akiwa nje ya chumba. Utaonekana una makeke, lakini kidonge kikidondoka, mbwa hukifikia kabla yako. Angalia na pipi. Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari huwa na pipi na bazoka zisizo na sukari, na baadhi zina zailitoli, ambayo kwenye pakiti huweza kuandikwa E967. Kwa mzee haina neno. Kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla na inaweza kumuua. Zabibu, chokoleti na vitunguu navyo visitoke kwenye sahani ya mzee kwenda chini ya meza.

Suala la pili ni sakafu. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilikadiria mwaka 2009 kwamba zaidi ya watu 86,000 kwa mwaka nchini humo hutibiwa kwenye vitengo vya dharura kwa majeraha ya kuanguka yanayohusiana na mbwa na paka. Tembea mwenyewe, usiku, njia ya mzee kutoka kitandani hadi chooni. Utaona yale ambayo wenye nyumba hawayaoni tena: bakuli la maji limewekwa mlangoni, na mbwa anayempenda mzee amejinyoosha pale pale anaposhushia miguu. Weka taa ndogo inayokesha, mvishe paka ukosi wenye kengele, na mzee akiamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, kwani presha huweza kushuka anaposimama. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, akigonga kichwa ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ameinuka akicheka.

Kamba ya mbwa ataishika nani? Hili limalizwe familia ikiwepo, na mzee mwenyewe akiwepo. Mtu aliyemtembeza mbwa wake miaka yote hapokei amri kutoka kwa mgeni, wala si haki kumtarajia aipokee. Mwulize na mengine: paka hujificha wapi, chakula cha mnyama huwekwa saa ngapi. Mara nyingi yeye ndiye anayeijua nyumba kuliko wote. Kama ni msahaulifu, bandikeni karatasi jikoni ya kutia alama kila mnyama anapolishwa, la sivyo mbwa atakula chakula cha jioni mara tatu na kuomba cha nne.

Karatasi za kawaida hazina maneno mengi: kadi ya chanjo, namba ya daktari wa mzee na ya daktari wa mifugo, idhini iliyosainiwa ya matibabu ya mnyama na kiwango cha juu cha gharama.

Gumu zaidi ni jirani. Mbwa akitoroka, nani atakaa na mzee wakati unamtafuta? Mzee akichukuliwa na gari la wagonjwa, nani atamlisha mbwa? Awe mtu mmoja mwenye ufunguo, anayejulikana na wote wawili, na aje nyumbani mbwa amnuse kabla wenyewe hawajaondoka.