Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Kusoma Sheria ya Jinai

Mtu anayeanza kusoma sheria ya jinai huja darasani akiwa tayari na msimamo. Amesikia habari za wizi na mauaji, ameona watu wakiachiwa huru kwa sababu ambazo hakuzielewa, na pengine yeye mwenyewe au ndugu yake amewahi kutendewa uhalifu. Somo hili halimdai aache kuchukizwa na uovu. Linamdai atenganishe maswali mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huulizwa kama swali moja: je, mtu huyu alitenda kosa, na je, imethibitishwa kwa njia inayokubalika kisheria kwamba alilitenda? Maandalizi ninayoyaeleza hapa yanalenga kumsaidia ayatenganishe maswali hayo kabla hajakutana na kesi itakayomuumiza moyo.

Hakikisha kwanza kwamba unayo sheria yenyewe, si muhtasari wake. Mara nyingi utahitaji katiba ya nchi ambayo sheria zake unazisoma, kanuni ya adhabu inayotaja makosa, sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai, na sheria ya ushahidi. Angalia mwaka wa toleo na marekebisho yaliyofuata, kwa kuwa kifungu kilichofutwa huweza kuendelea kunukuliwa kwa miaka mingi kana kwamba bado kinatumika. Fahamu pia mapema ni mfumo upi wa sheria unaoufuata. Katika mifumo iliyotokana na sheria ya Uingereza, upande wa mashtaka na upande wa utetezi hushindana mbele ya jaji au hakimu, na hukumu za mahakama za juu huzifunga mahakama za chini. Katika nchi kama Ufaransa, makosa mazito huchunguzwa na jaji wa upelelezi, ambaye wajibu wake ni kukusanya ushahidi unaomwelemea mtuhumiwa na pia ule unaomwondolea lawama. Mwanafunzi asiyejua tofauti hii husoma kitabu cha mfumo mmoja na kujibu mtihani wa mfumo mwingine.

Tofauti kati ya jinai na madai haihitaji muda mrefu, lakini lazima iwe wazi. Tukio moja, kwa mfano kupigwa na kujeruhiwa, linaweza kuzaa mashauri mawili: la jinai, ambalo kwa kawaida dola ndiyo hushtaki na mshtakiwa akipatikana na hatia huadhibiwa, na la madai, ambalo aliyejeruhiwa hufungua mwenyewe ili alipwe fidia. Kushindwa katika shauri moja hakumaanishi kushindwa katika lingine, kwa sababu kiwango cha uthibitisho hakilingani.

Kabla ya muhula kuanza, jizoeze kulivunja kosa katika sehemu zake. Chukua wizi. Mara nyingi sheria hutaka kuwe na mali, iwe ya mtu mwingine, ichukuliwe bila ridhaa yake, na mchukuaji awe na nia isiyo halali, ambayo kwa kawaida ni nia ya kumnyima mwenye mali kitu chake daima. Mtu akiondoka ukumbini na mwavuli wa mwenzake akiamini kwa dhati kwamba ni wake, tendo la kuchukua lipo, lakini nia haipo, na kwa hiyo wizi haupo. Sasa badilisha jambo moja tu: anafika nyumbani, anatambua kosa lake, na anaamua kubaki na mwavuli huo. Hapo utaona kwamba nia na tendo havikukutana kwa wakati uleule, na mahakama zimelazimika kufikiri sana kuhusu hali za namna hiyo. Zoezi kama hili, likirudiwa kwa makosa kumi hivi, lina faida kubwa kuliko kukariri adhabu. Angalia vilevile kama kosa linadai kusudi, au kujua, au kutojali, au uzembe tu, na usichanganye nia na sababu iliyomsukuma mtu kutenda. Aliyeiba dawa ili amtibu mzazi wake bado alikuwa na nia ya kuiba. Huruma tunayomwonea huenda ikapunguza adhabu, lakini kwa kawaida haimwondolei hatia.

Jambo ambalo ningependa mwanafunzi alielewe kuliko mengine yote ni mzigo wa kuthibitisha. Mwaka 1934 nchini Uingereza, kijana aitwaye Reginald Woolmington alishtakiwa kwa kumuua mkewe kwa bunduki. Alieleza kwamba alikwenda kumtisha kwa kudai kuwa angejiua mwenyewe iwapo mkewe hangerudi nyumbani, na kwamba bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji aliliambia juri, yaani raia wanaoamua ukweli wa mambo, kwamba ikishathibitika kuwa mshtakiwa ndiye aliyesababisha kifo, ni juu yake kuonyesha kuwa ilikuwa ajali. Alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifo. Mwaka 1935 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, lilitengua hukumu hiyo na kueleza kwamba ni wajibu wa upande wa mashtaka kuthibitisha hatia, na mshtakiwa hahitaji kuthibitisha kwamba hana hatia. Akiibua shaka ya msingi, anastahili kuachiwa. Ipo mipaka: katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza, anayejitetea kwa ugonjwa wa akili ndiye hubeba mzigo wa kuuthibitisha, kwa kufuata kanuni za M'Naghten, yaani kipimo cha utetezi huo kilichowekwa na majaji wa Uingereza mwaka 1843. Hata hivyo, msingi wenyewe umevuka mipaka ya mfumo mmoja, na umeandikwa katika ibara ya 11 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 na katika ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966.

Ukishaelewa hilo, chora hatua za shauri kwa mkono wako: taarifa ya kosa, upelelezi, ukamataji, mashtaka, dhamana, usikilizwaji, hukumu, adhabu, rufaa. Kwa kila hatua andika ni nani anayeamua na anahitaji uhakika wa kiasi gani. Utagundua kwamba tuhuma zenye msingi hutosha kumkamata mtu lakini hazitoshi hata kidogo kumtia hatiani, na kwamba kunyimwa dhamana si adhabu, ingawa aliye mahabusu huihisi hivyo. Kisha, ikiwezekana, nenda mahakamani ukaketi sehemu ya wasikilizaji, simu ikiwa imezimwa, bila kurekodi chochote. Sikiliza hasa namna shahidi anavyohojiwa na upande wa pili.

Uandae pia moyo. Utasoma kwa undani kuhusu ubakaji, mateso ya watoto na mauaji, kwa lugha kavu ya hukumu. Ikiwa mada fulani inagusa jeraha lako, zungumza mapema na mwalimu au mtu unayemwamini, na usijilazimishe kusoma kesi hizo usiku peke yako. Hilo si udhaifu, wala halikufanyi usifae kwa kazi hii.

Hatimaye, jiandae kuulizwa. Mara tu jamaa watakapojua unasoma sheria, watakuletea mambo yao, na baadhi yao watakuwa na mtu aliyekamatwa jana. Usimshauri mtu akiri au akane kosa, wala usimkadirie nafasi yake ya kushinda. Mweleze kwamba katika nchi nyingi ana haki ya kunyamaza anapohojiwa na haki ya kuwa na wakili, kwamba muda wa kukata rufaa huwa mfupi na huhesabiwa kwa siku, kisha mwelekeze kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria siku hiyohiyo.