Unakohoa na pumzi inakata? Jinsi ya kupimwa mapafu vizuri na kujua hali inaelekea wapi

Kuna watu wana miaka na inhela mfukoni, wanaambiwa ni pumu, na hawajawahi hata siku moja kupuliza spirometa, ile mashine ya kupima hewa ya mapafu. Hapo ni kubahatisha tu jamani. Kifua kubana na kupumua kwa filimbi kunaweza kuwa pumu, COPD (ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa), TB, hata moyo, na kwa kusikiliza kifua peke yake hazitofautishiki.

Kabla hujaenda andika kwenye simu: kikohozi kimeanza lini, kinazidi saa ngapi, damu ipo au hakuna, umepungua kilo, sigara ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi, na moshi wa kuni au vumbi la kazini. Huo moshi wa kuni watu wanausahau kweli, mtu hajawahi kushika sigara na bado anapata COPD. Kikohozi kikipita wiki 2, makohozi yapimwe TB kwanza.

Sasa spirometa. Vuta hewa mpaka mwisho kabisa, bana midomo kwenye mrija, puliza ghafla kwa nguvu zote na usiachie mpaka hewa iishe, kama sekunde 6 hivi au zaidi, halafu unarudia mpaka yapatikane majaribio 3 mazuri. Wengi wanaacha mapema, na ukiacha mapema njia iliyoziba inaweza kuonekana nzima! Unapewa salbutamol, dawa ya kuvuta ya kufungua njia za hewa, unasubiri dakika 15 hivi, unapuliza tena. Chukua hewa ya sekunde ya kwanza ugawanye kwa hewa yote: ikibaki chini ya 0.70 hata baada ya dawa, na dalili zipo, COPD hiyo inanukia (kwa mzee sana hesabu hii inaweza kuonyesha COPD hata kama haipo). Ile hewa ya sekunde ya kwanza ikipanda kwa asilimia 12 na mililita 200, fikiria pumu. Ila pumu siku nzuri inajificha, majibu safi ya mara moja yasikudanganye.

Na COPD itaendaje mbele? Namba ya kupuliza peke yake haitoshi. Kuna hesabu inaitwa BODE, pointi 0 mpaka 10, inaunganisha uzito kwa urefu, kuziba kwa njia ya hewa, unavyokosa pumzi, na umbali unaotembea kwa dakika 6. Ukifika mita 350 hupati pointi, ukiishia 149 unapata 3, na pointi nyingi ndo hatari zaidi. Kutembea kwenyewe ni kwa mwendo wako, unaruhusiwa kusimama ila saa haisimami. Nimonia ina hesabu yake, CURB-65, hiyo ni ya daktari kuamua ulazwe au urudi nyumbani.

Hizi pointi zimetoka kwenye makundi ya watu, hazikupi tarehe. Mimi kitu cha kwanza ningemuuliza mgonjwa wa COPD ni mwaka uliopita amezidiwa mara ngapi, maana aliyezidiwa mara nyingi ndo mwenye uwezekano mkubwa wa kuzidiwa tena. Karatasi za majibu omba kopi uende nazo kila kliniki, zile za zamani usitupe.