Ukitaka kutengeneza apu ya kubuku matembezi huku Kisumu, anza na mwenye boti

Kabla hata ufungue Figma, ile programu ya kuchorea skrini, uanze kubishana na rangi, panda tuktuk hapo town ushuke Dunga, ufuo wa Ziwa Viktoria, ukae na watu wa boti kama masaa matatu hivi, ununue soda, usiwauzie kitu. Uliza tu wateja wanawapata aje. Watakuambia stori moja na maneno tofauti: kuna mtu alipiga simu akasema tunakuja watu sita Jumamosi, nikakataa wateja wengine, nikatia mafuta, na hakutokea. Ama alitokea na watu kumi na wawili na boti ni ya wanane. Hiyo ndio kazi ya apu yako. Si kuonyesha watu ati kuna mawe ya Kit Mikayi na msitu wa Kakamega na Ziwa Nakuru, hiyo orodha iko kila mahali, ukiandika tu kwa simu inakuja. Kazi ni kufanya watu wawili ambao hawajuani waaminiane mpaka asubuhi ya safari ifike.

Ndio maana mimi huambia vijana wachore kwanza upande wa mwenye boti, ule wa mteja ufuate. Wengi hufanya kinyume, wanachora skrini kumi na tano tamu za mteja halafu mwenye boti anaundiwa dashibodi ya grafu, na yeye ako na kabambe, ile simu ndogo ya tochi, na hata kama ako na smatifoni bando iliisha jana. Upande wake uanze na SMS ya kawaida. Bukingi ikiingia anapata meseji fupi, anajibu 1 kama yuko ama 2 kama hayuko, basi. Asipojibu kwa muda ule umeweka, sema nusu saa, ombi linaenda kwa mwenye boti mwingine na mteja anaambiwa bado tunatafuta, asidanganywe ati imekubaliwa.

Na hapo kwa meseji ndio sisi tulichomeka tukiunda apu yetu. Ya kwanza tuliandika "Jumamosi 6:00, watu 4, Dunga". Mteja alikuwa ametoka Nairobi na wazazi wake, wanataka kuona ndege asubuhi maji yakiwa yametulia, wakafika giza ndio linatoka. Mwenye boti naye akasoma sita, na sita kwa Kiswahili ni saa sita, akaja mchana amejipanga vizuri, boti imeoshwa, laifujaketi zote zimeanikwa, anashangaa watu wako wapi. Hakuna aliyekosea isipokuwa sisi. Watu wetu husoma 6:00 kwa skrini na mdomo unasema saa kumi na mbili, lakini si kila mtu na si kila wakati, na mtu akiwa na haraka ndio kabisa. Sasa ndani ya seva weka saa kwa mfumo wa masaa 24, lakini ikitoka kwenda kwa binadamu iandike kwa maneno: "Kesho JUMAMOSI, asubuhi mapema, saa 12 (6:00 AM), kabla jua lichomoze". Ni ndefu, najua, SMS inakula herufi, lakini afadhali ukate kitu kingine. Jua likizama huku ni karibu saa moja kasoro jioni, hiyo pia usiandike "6:30" peke yake ukaenda kulala.

Sasa upande wa mteja. Skrini ya kwanza watu hupenda kuweka vitufe vya aina za matembezi, sijui utamaduni, sijui mazingira, na sijawahi kusikia mtu akiuliza hivyo. Mtu huuliza: wikendi hii niko na watoto watatu na hii pesa, twende wapi turudi kabla ya giza? Kwa hivyo uliza vitu vitatu tu: lini, mko wangapi, mnatokea wapi. Halafu onyesha vinavyowezekana kweli, ukipanga kwa muda wa kufika, si kilomita. Kit Mikayi iko kama kilomita 30 kutoka Kisumu barabara ya Bondo, hiyo ni ya nusu siku. Kuona jua likichomoza pale kilima cha Lirhanda, Kakamega, inabidi mtu awe kule kama ni giza bado, kwa hivyo ukimwonyesha mtu wa Kisumu mwambie pia kwamba ni vizuri alale huko ama atoke usiku wa manane. Apu nyingi hazisemi hiyo. Na ukiandika "Kakamega Forest" tu umempoteza mtu, kwa sababu upande wa Buyangu uko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na upande wa Isecheno uko chini ya KFS, shirika la misitu, mageti tofauti, malipo tofauti. Weka jina la geti.

Bei ndio pahali urafiki huisha. Boti hulipiwa boti nzima, baiskeli ni moja moja, anayekuongoza msituni ni kwa kikundi, kiingilio cha mbuga ni kwa kichwa na kinategemea kama wewe ni raia, mkaazi ama mgeni, mtu mzima ama mtoto. Usimwachie mteja hiyo hesabu. Ameshakuambia wako wangapi, basi mwonyeshe jumla moja na chini yake useme nini kiko ndani na nini hakiko. Mfano, kama boti ni 3,000 na wako watu wanne, andika 3,000 kubwa na 750 kila mtu kidogo chini, si kinyume, kwa sababu mmoja akikosa kuja ile 750 si 750 tena. Kiingilio cha mbuga za KWS kama Lake Nakuru ama Impala pale Kisumu kinalipwa kupitia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na getini hawachukui kashi, kwa hivyo kama apu yako haikilipi, sema waziwazi na mapema kabisa. Mtu kufika geti na watoto ndio ajue kuna malipo mengine, huyo hatarudi kwako.

Picha pia. Kila mtu anaweka Ziwa Nakuru likiwa limejaa flamingo kama zulia la waridi. Maji ya ziwa yamepanda sana tangu kama 2010 hivi, chumvi ikapungua na chakula chao pia, na flamingo wengi huonekana zaidi Ziwa Bogoria. Weka picha ya mwezi huu na uandike tarehe juu yake hata kama si tamu. Vifaru wapo, nyati wapo, hakuna haja ya kudanganya.

Malipo nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndio niliumwa kichwa. Ukitumia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha apu na M-Pesa, unatuma ombi, mteja anaona kale kadirisha ka M-Pesa anaweka PIN, halafu majibu yanarudi kwa seva yako. Lakini majibu hayo mara ingine huchelewa ama hayafiki kabisa, na vijana wengi wakikosa majibu wanaandika "malipo yamekataa", mteja anabonyeza tena, anakatwa mara mbili, hapo uko na kesi. Usiseme imekataa kabla hujauliza Daraja hali ya ile ombi, kuna njia ya kuuliza. Na kitufe cha kulipa kikibonyezwa mara moja kizime. Halafu soma zile namba za majibu uzitafsiri kwa lugha ya mtu: 0 ni sawa, 1 pesa haitoshi, 1032 amekataa mwenyewe, 1037 simu haikupatikana ama hakujibu kwa wakati, 2001 PIN si sahihi. Mtu aliyekosea PIN na mtu ambaye hana salio hawahitaji meseji moja. Wakati huo wote nafasi yake ishikilie, dakika 10 hivi, na aone saa ikihesabu, ili mwingine asichukue boti hiyohiyo. Na kumbuka anayelipa mara nyingi si anayesafiri. Trezara wa chama ndio ako na pesa, ama mtoto yuko Nairobi anawalipia wazazi. Ruhusu namba ya kulipa iwe tofauti na namba ya kusafiri. Kwa vikundi, kila mtu kuchanga sehemu yake kwa linki moja ni kitu watu watakupendea kuliko ramani yote uliyochora.

Pesa ya mwenye boti usiikalie yote mpaka jioni, anahitaji ya mafuta asubuhi. Sisi tunatuma sehemu akishajibu 1 na iliyobaki safari ikiisha. Lakini kabla uanze kukaa na pesa za watu kwa akaunti yako, tafuta wakili, sheria ya malipo si kitu cha kubahatisha.

Kuvunja safari kuwe rahisi kuliko kubuku. Ziwa hili alasiri linaweza kuchafuka ghafla, na gugu maji likisukumwa na upepo usiku unaamka unakuta ufuo umefungwa kijani kibichi, boti haitoki. Mwenye boti ajibu 9, mteja apate meseji papo hapo na achague siku ingine ama arudishiwe pesa, bila kujaza fomu. Usiweke kitu chochote kinachomfanya mtu wa boti aogope kusema leo hapana, kama kumkata nyota, zile alama za wateja, kwa sababu amevunja safari ya hali ya hewa. Kule mbuga ya Hell's Gate mwaka 2019 maji ya ghafla yaliua watu kwenye korongo. Ukikaa chini kuchora mfumo wa nyota, kumbuka hiyo.

Tiketi ikae ndani ya simu hata bila netiweki, ndani ya msitu inapotea. QR, kile kimraba cha kuskani, achana nayo, kabambe ya mwenye boti haiskani. Namba ya tarakimu nne tu ambayo mteja anaitamka, jina la anayempokea, namba yake ya simu, na maelekezo ya kibinadamu, shuka stage fulani, uliza kwa muuza samaki, si ramani peke yake.

Kuhusu maneno, pata mtu wa kusoma kila sentensi kwa sauti. Kijana wetu mmoja aliswahilisha haraka akaandika "gaidi wako amefika, yuko getini". Alimaanisha "guide" ya Kiingereza, yule anayewaongoza. Tuliicheka wiki nzima lakini ilibaki kidogo tu iende kwa watu.

Vitufe visiwe chini ya 48dp (dp ni kipimo cha ukubwa kwa skrini ya Android) na rangi ziwe kali, kijivu juu ya nyeupe hakionekani kwa jua la saa nane ukiwa ndani ya boti. Jaribu na Android ya bei ya chini yenye kioo kimepasuka, si ile yako. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama vitu ni rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha shida nyingi, na ni kweli nimeona, mradi uwape kazi ("bukia mama yako boti Jumapili") halafu unyamaze. Kunyamaza ndio ngumu. Vitambulisho na tarehe za kuzaliwa usiulize kama huna kazi nazo, tuko na sheria ya data ya 2019.

Mwisho, Google Play ni dola 25 mara moja na Apple ni dola 99 kila mwaka, kwa hivyo anza na Android, na uanze na kitu kimoja. Sisi tulianza na boti nne na jua likizama Dunga, hakuna kingine, Kakamega ikafuata baada ya miezi. Mzee mmoja kati ya wale wanne mpaka leo akishajibu 1 bado anapigia mteja simu jioni ile kuuliza "omera (ndugu), mnakuja kweli?" Tulitaka kumwambia aache, tukaona wateja wake ndio hawakosi kufika, tukaongeza hiyo simu kwa mfumo.