Ukipiga 112, 114 au 115, anza na mahali ulipo

Jamani tuongee hili jambo vizuri maana naona watu wengi huku Arusha na Moshi namba za dharura tunazijua kwa kusikia tu, siku moto umeshika jikoni mtu anampigia shemeji yake aliyeko Dar kwanza, afu anarusha picha kwenye grupu la mtaa, ndo baadae sana mtu anauliza ivi zimamoto wanapigiwa namba gani?

Namba zenyewe ni chache na zote ni bure, hata kama huna vocha piga tu. 112 ni polisi na dharura kwa ujumla. 114 ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na hapo kwenye uokoaji watu wanasahau, mtoto akitumbukia kisimani au mtu akibanwa kwenye gari iliyopinduka ni hao hao. 115 ni m-mama, usafiri wa dharura kwa mjamzito, kwa mama aliyejifungua ndani ya siku 42 na kwa kichanga wa mpaka siku 28. 116 ni ya watoto, ukiona mtoto anapigwa au anafanyiwa ukatili nyumba ya jirani usikae kimya. Na simu ikiwa imefungwa kwa namba ya siri huhitaji kuifungua, angalia pale chini kwenye kioo kuna neno Dharura, bonyeza hapo upige, hata kama simu ni ya majeruhi.

Sasa kosa kubwa kuliko yote. Mtu anapiga anaanza kulia, "njooni jamani tunakufa, njooni haraka", anaeleza moto ulivyoanza, nani aliacha jiko, afu simu inakata chaji. Aliyepokea hajajua hata ni mkoa gani. Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza iwe mahali. Mkoa, kata, mtaa, halafu kitu kinachojulikana. Na mkoa usiuruke kabisa maana Majengo ipo Arusha na Moshi pia ipo, Kaloleni vilevile iko kote kote, ukisema "nipo Majengo karibu na msikiti" umemwachia mtu kitendawili na wewe nyumba inaungua.

Sema hivi: "Niko Arusha mjini, Mbauda, barabara ya Sokoine ukitokea mjini, nyumba inaungua, kuna watu ndani." Basi, hapo hata simu ikikata gari inaweza kutoka. Yale mengine utajibu ukiulizwa.

Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zimebandikwa kibao cha namba na mitaa ina nguzo za majina, ila mtu anaishi kwenye nyumba miaka na miaka hajui namba yake. Toka nje leo uisome, uiandike. Kwa sisi wa Kibosho, Uru, Marangu huko migombani ambako njia zinafanana na nyumba haionekani barabarani, tumia kanisa, shule, zahanati, mnada, au daraja, na useme unatokea upande gani, mfano "ukipanda kutoka Moshi mjini, ukishapita parokia, njia ya pili kulia". Kushoto na kulia bila kusema unatokea wapi haina maana yoyote.

Barabara kuu nayo ina shida yake. "Kuna ajali barabara ya Moshi Arusha" ni kama kilomita 80 hizo, waanze wapi? Sema kati ya wapi na wapi, labda umeshapita Usa River hujafika Kikatiti, na gari zilizoumia zilikuwa zinaelekea wapi. Ukiona lile jiwe la kilomita pembeni ya barabara soma namba yake.

Kama ni moto, sema kinachoungua ni nini, maana petroli, gesi na umeme havizimwi namna moja. Kama ni moto wa umeme na mein swichi unaifikia bila hatari, zima. Ila ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi yoyote, si kuwasha si kuzima, toeni watu nje kwanza na simu ipigwe mkiwa huko nje mbali. Mafuta ya kukaangia yakishika moto usimwagie maji hata kidogo, zima jiko kama mkono unafika, funika na mfuniko.

Afu kuna hii ya watu kujaa. Wako hamsini, kila mmoja anaamini mwenzake ameshapiga, na kumbe hakuna aliyepiga, wote wanarekodi video, inauma sana. Nyoosha kidole kwa mtu mmoja, "wewe kaka mwenye jaketi jekundu, piga 114 sasa hivi, taja hapa ni wapi", na usimwachie mpaka usikie anaongea. Mwingine mtume kwenye njia panda akasimame kupokea gari, usiku awashe tochi ya simu. Wengine watoe bajaji na boda njiani, pale Unga Limited au Ngarenaro kwenye vichochoro gari la zimamoto linaweza kuwa mita mia tu kutoka kwako na lisipite.

Kwa majeruhi wa bodaboda, msimbebe mzobemzobe na kumpakia juu juu, shingo ikiwa imeumia mnaweza kummaliza nyie wenyewe, labda kama kuna moto au gari zinakuja hapo alipolala. Damu ikitoka sana bandika kitambaa kisafi ukandamize, usiachie achie kuangalia. Mambo ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, yatafuata, mtu kwanza.

115 nataka niiseme zaidi kwa sababu ndo wengi hawaijui na bado wajawazito wanabebwa kwa boda usiku. Ukipiga, anayepokea anauliza hali ya mama, ujauzito una miezi mingapi, dalili ni zipi, na mko wapi. Kama ambulansi haipo karibu wanamtafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa kwenye mfumo, na huyo analipwa na mfumo wenyewe, nyie hamchangi nauli. Damu ikitoka, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, msingoje kupambazuke wala msingoje baba arudi, pigeni.

Ukishapiga usikate wewe, ngoja akuambie maliza. Usikae kwenye simu unawapigia ndugu, laini iwe wazi kwa sababu dereva anaweza kukutafuta aulize njia. Bibi kama anaongea Kichaga au Kimaasai tu mpe simu mjukuu aongee, bibi awe pembeni anamwelekeza.

Watoto wafundishwe namba hizi na dada wa kazi pia, ziandikwe kwa maka pen ukutani karibu na Luku pamoja na namba ya nyumba na mtaa. Na waambiwe wazi hazichezewi, maana wakati mtoto anacheka na mpokeaji kuna mama huko Himo anangoja laini. Ikitokea moto mmeuzima wenyewe kabla gari halijafika, piga tena 114 uwaambie, wageuze waende kwa mwingine.