Krismasi Ukiwa Misheni: Mambo ya Kupanga Kabla Desemba Haijafika

Mvulana anayetumikia misheni ya miezi 24 ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho atakula Krismasi mbili nje ya kwao. Msichana wa miezi 18 huenda akala moja, huenda mbili, inategemea aliondoka mwezi gani. Ushauri anaopewa kijana kabla ya safari karibu wote ni wa moyo: jikaze, sali, usiwaze sana nyumbani. Hauna ubaya, ila hausaidii kitu saa nane mchana tarehe 25, mmekaa wawili, wewe na mwenza uliyepangiwa, kwenye nyumba ya kupanga, nguo mmeshafua, mabasi hayatembei, na hakuna mtu wa kumbishia hodi. Nijuavyo mimi, kinachomwangusha mmisionari siku hiyo mara nyingi si umbali wa kwao. Ni saa zisizo na kazi. Mmisionari amezoea ratiba inayomsukuma tangu alfajiri hadi usiku, na ghafla inakuja siku ambayo ratiba yenyewe inakosa cha kumpa. Kwa hiyo usijiandae kutohuzunika. Panga saa za siku hiyo, na uanze Oktoba.

Cha kwanza ni kujua Krismasi ya huko unakokwenda ikoje, maana hazifanani. Uingereza tarehe 25 treni hazitembei kabisa na mabasi ni ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo kama mmealikwa mji wa pili na hakuna wa kuwafuata kwa gari, mwaliko huo haupo. Ujerumani shughuli kubwa ya familia ni jioni ya tarehe 24. Maduka hufungwa mchana wa siku hiyo na hubaki yamefungwa tarehe 25 na 26, na wamisionari wasiojua wamewahi kuila Krismasi kwa mkate mkavu na jemu. Ufilipino ni kinyume: nyimbo za Krismasi huanza kusikika tangu Septemba, misa za alfajiri za Simbang Gabi ni kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, na mlo mkubwa wa Noche Buena huliwa usiku wa manane, saa ambayo ninyi mnatakiwa muwe kitandani. Japani tarehe 25 ni siku ya kazi kama nyingine, watu wanakwenda ofisini, na kuku wa KFC na keki ya stroberi ndivyo vinavyoonekana zaidi kuliko hori la Bethlehemu. Ethiopia wenyeji wengi wataadhimisha Januari 7. Ukiwa Australia au Brazili, Desemba ni kiangazi. Hakuna kitabu kitakachokueleza mtaa wako utakavyokuwa, lakini muumini yeyote wa tawi lenu, yaani usharika mnaosali, atakueleza kwa dakika tano. Muulize mambo matatu tu: usafiri unakoma lini, maduka yanafungwa lini, na watu hukutana saa ngapi.

La pili linawashangaza hata waliozaliwa ndani ya Kanisa hili, ambalo wengi bado wanaliita la Wamormoni ingawa tangu 2018 viongozi wake wamekazania jina kamili. Kanisa hili halina ibada ya siku ya Krismasi, isipokuwa tarehe 25 ikiangukia Jumapili. Mwaka 2026 ni Ijumaa, 2027 ni Jumamosi. Kwa hiyo wakati makanisa ya jirani yamejaa watu waliovalia vizuri, jengo lenu huenda limefungwa kwa kufuli. Ibada ya Krismasi ya Urais wa Kwanza, yaani viongozi wa juu kabisa wa Kanisa, hurushwa kutoka Salt Lake City mwanzoni mwa Desemba, na kampeni ya Light the World, iliyoanza 2016, hukupa matendo ya huduma ya kufanya mwezi mzima, lakini vyote hivyo havikujazii mchana wa tarehe 25. Ongea mapema na rais wa tawi, au askofu wa kata (usharika mkubwa kuliko tawi): kuna wajane, kuna wanafunzi wa kigeni, kuna wazee wasio na watoto karibu? Wamisionari wa kwanza wa Kanisa hili kuvuka Atlantiki, Heber C. Kimball na wenzake, walifika Uingereza Julai 1837, na Krismasi ya mwaka huo waliifanyia mkutano wa waumini mjini Preston. Hawakukaa chumbani wakihesabu dari. Kama hakuna wa kumtembelea, basi yapo maandiko ya kusoma na watu mnaowafundisha, na hapa wamisionari wana kitu ambacho majirani hawajawahi kukisikia: pamoja na Luka 2, kuna Helamani 14 na 3 Nefi 1 katika Kitabu cha Mormoni, ambako kuzaliwa kwa Kristo kunaonekana kutoka ng'ambo ya pili ya dunia kwa usiku usio na giza. Panga somo hilo wiki mbili kabla, si asubuhi ya sikukuu.

Sasa simu, ambayo inastahili kukaliwa kitako. Kwa miaka mingi mmisionari alipiga simu nyumbani mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama, na simu hiyo ilikuwa tukio zito. Tangu Februari 2019 anaruhusiwa kuongea na familia kila wiki siku ya maandalizi, pamoja na sikukuu maalumu kama Krismasi. Ni nafuu kubwa, ila imeleta tatizo lake: watu wanafikiri kwa kuwa wamezoea kuongea, simu ya Krismasi haihitaji kupangwa. Inahitaji. Ya wiki ni wewe na mama. Ya Krismasi ni ukoo mzima mbele ya kioo kimoja. Mtoto anashika simu na kuonyesha dari, shangazi anapiga kelele kutoka jikoni "umekonda!", wawili wanaongea kwa pamoja, mtandao unakata, na dakika ishirini zinakwisha hujamsikia baba hata sentensi moja. Afadhali mkubaliane kabla: kwanza wazazi peke yao, kisha mlango ufunguliwe kwa wengine. Kama wazazi hawaishi pamoja, unaruhusiwa kumpigia kila mmoja kwa wakati wake, na hilo nalo lipangwe ili asiwepo wa kusubiri akidhani amesahauliwa.

Angalia saa kwa umakini. Tokyo iko mbele ya Salt Lake City kwa saa 16 wakati wa baridi: saa tatu asubuhi ya Krismasi kwa mmisionari ni saa kumi na moja jioni ya mkesha kwa familia. Nchi zinazobadili saa zao zitakuwa zimeshabadili ikifika Desemba, kwa hiyo hesabu uliyozoea Septemba huenda si sahihi tena. Jambo lingine nalisema kwa mkazo: usiweke simu hiyo asubuhi na mapema kama siku iliyobaki haina kitu. Ukishakata, nyumba inakuwa kimya kuliko ilivyokuwa. Iweke kabla ya kazi au kabla ya mwaliko, ili ukishapangusa macho uwe na pa kwenda. Na wazazi wasilie kwa makusudi. Kulia kukija kwenyewe ni sawa, lakini "hii Krismasi bila wewe si Krismasi" ni maneno ya kumfungia mtoto jiwe shingoni.

Vifurushi huwa chanzo cha maudhi zaidi ya furaha, na karibu maudhi yote yanaepukika. Familia iulize ofisi ya misheni anwani ya kutumia, isitume moja kwa moja kwenye nyumba anayoishi kijana, kwa sababu uhamisho hufanyika kila wiki sita na huenda kifurushi kikamkuta mwingine. Kisitumwe kwa pupa ya mwisho: mashirika ya posta hutangaza tarehe za mwisho za kutuma mizigo ya Krismasi nje ya nchi, na kwa nchi za mbali tarehe hizo huwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Kwenye fomu ya forodha, CN22 kwa vidogo au CN23 kwa vikubwa, andikeni kilichomo kwa majina: soksi, tai, picha. Neno "zawadi" peke yake halimwambii afisa wa forodha chochote, naye huenda akakifungua. Manukato yasiwekwe, maana hushika moto na hayaruhusiwi kwenye posta ya kimataifa. Thamani iandikwe ya kweli lakini vitu viwe vya bei ndogo, kwa sababu ushuru hulipwa na anayepokea, na mmisionari anaishi kwa posho ya mwezi iliyopimwa kwa chakula na nauli. Nimeona boksi lililofika limefungwa upya kwa gundi ya rangi ya forodha, ndani peremende zimevunjika na shati halimtoshi, lakini kulikuwa na bahasha ya barua fupi kutoka kwa kila mtu wa nyumba ile, hata wa darasa la kwanza aliyeandika jina lake tu. Zile barua ndizo zilizosomwa mpaka Machi. Kama bajeti ni ndogo, tumeni barua tu.

Mialiko ya chakula ina pande mbili. Wenyeji wengi hawapendi kuona vijana wawili wa kigeni wakikaa njaa sikukuu, na katika tawi dogo mnaweza kualikwa kwa watu watatu siku moja. Msikubali yote; chagueni mmoja wa mchana na mmoja wa jioni, mwingine mwombeni tarehe 26. Semeni mapema mnachokula na mnachokunywa. Neno la Hekima, kanuni ya afya ya Kanisa, linakataza pombe, tumbaku, kahawa na chai, na meza za Krismasi zimejaa vitu hivyo mahali ambapo havionekani: divai ya moto ya Glühwein masokoni Ujerumani, brandi ndani ya pudini ya Waingereza, kahawa ndani ya tiramisu. Ukikataa mezani, mbele ya bibi aliyepika tangu jana, umemwaibisha. Ukimwambia wiki moja kabla, atakutengea chako. Ujerumani kwa mfano ipo Kinderpunsch, ya moto na viungo vilevile bila kileo. Vilevile waelezeni kwamba lazima mwe nyumbani jioni, kwa kawaida saa tatu usiku, na kwamba hamwezi kuingia nyumba ambayo wenyeji waliomo wote ni wa jinsia nyingine. Watu hawakasirikii kanuni waliyoambiwa mapema. Hukasirika mnaponyanyuka ghafla wakati nyama ndiyo kwanza inatoka jikoni.

Kisha kuna mwenza wako. Kwa mzunguko wa wiki sita, inawezekana mkakutanishwa siku chache kabla ya sikukuu: humjui, hakujui, na ndiye pekee utakayekuwa naye, mkionana na kusikiana, siku nzima. Muulize kwao wanafanyaje Krismasi. Huenda anatoka familia ambayo si waumini na haimpigii simu kabisa. Huenda hii ni ya kwanza tangu afiwe. Wewe ukiongea saa nzima na watu ishirini wanaoimba, yeye amekaa kwenye kona ya chumba kilekile akisikia kila neno. Mtambulishe kwa wazazi wako kwa jina, Mzee fulani au Dada fulani kama wamisionari wanavyoitwa, na umwombe mama amuulize jambo. Zawadi mpeane ndogo, mkubaliane kiasi, asije mmoja akatoa saa ya mkononi na mwingine chokoleti.

Kuhusu hali ya hewa sina mengi: koti na viatu vya baridi vinunuliwe kulekule unakotumikia, kwa kuwaiga wenyeji.

Huzuni ikija pamoja na mipango yote, isikutishe. Kijitabu cha Kanisa kuhusu kuzoea maisha ya umisionari hupima msongo kwa rangi nne, kijani, manjano, chungwa na nyekundu, na ni kipimo kizuri cha kumwambia rais wa misheni au mkewe bila kuzungukazunguka. Kukumbuka nyumbani siku mbili tatu ni kawaida. Kukosa usingizi na hamu ya kula mpaka katikati ya Januari si kawaida, piga simu. Tahadhari zaidi huhitajika kati ya Krismasi na mwaka mpya, ambapo watu wamesafiri, miadi inaahirishwa, na yale maandalizi yote ya tarehe 25 yameshakwisha. Weka kitu kwenye wiki hiyo pia: kupaka rangi uzio wa mtu, kusafisha jengo la kanisa, kuwatembelea walioacha kuja ibadani.

Na kabla hamjahamishwa, andikeni kwenye kumbukumbu za eneo yale mliyoyajua kwa shida: basi la mwisho lilipita saa ngapi tarehe 24, familia ipi iliwaalika na ni nani asiyependa wageni siku hiyo, duka gani lilikuwa wazi, mzee gani aliyekuwa peke yake. Desemba ijayo nyumba hiyo itakuwa na vijana wengine wawili, na huenda mmoja wao amefika wiki hiyohiyo.