Mfupa Ukitoboa Ngozi: Sindano Kwanza, Eksirei Baadaye

Juzi usiku nilimsimamia kijana mgeni wa kasualti. Dereva wa boda kagongwa na lori Changamwe, muundi umetokeza nje, jeraha limejaa mchanga. Nikasema hatua hizi niziandike.

1. Pumzi, damu, dripu. Hayo mnayajua.

2. Antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja tangu aumie. Hapa ndipo tunapokwama. Mwaka mmoja, hospitali niliyokuwapo ilikuwa imeishiwa sefazolini. Tukamtuma kaka wa mgonjwa dukani, huku mgonjwa akipanga foleni ya eksirei. Dozi ya kwanza iliingia saa nne baadaye, na mguu ule ulitoa usaha kwa miezi. Siku hizi kabla ya zamu naweka chupa mbili za gramu 1 kwenye trei, mwenyewe, kwa mkono wangu. Mtu mzima ni gramu 2 kila saa 8. Akizidi kilo 120, gramu 3. Haipo? Seftriaksoni gramu 2 iliyo kabatini inaishinda sefazolini iliyo dukani, ila usiipitishe mpira mmoja na dripu ya Ringer's. Akisema penisilini, ndugu ya sefazolini, haipatani naye, muulize ilimfanyaje. Tumbo kuchafuka si aleji. Kama alivimba uso au alikosa pumzi, mpe klindamaisini miligramu 900 kila saa 8. Eksirei itangoja, haijakimbia.

3. Piga picha ya jeraha mara moja, toa uchafu unaoonekana, funika kwa gozi iliyoloa salaini, funga banzi. Kila daktari asifunue kuchungulia. Na usichukue swabu hapo kasualti: vijidudu utakavyovipata mara nyingi sivyo vitakavyoleta usaha.

4. Gustilo, kipimo cha ukali wa mvunjiko wenye jeraha, I hadi III: daraja la III, kama huyu wetu, ukiwa umetumia sefazolini ongeza jentamaisini miligramu 5 kwa kilo, mara moja kwa siku. Kilo 70 ni miligramu 350. Figo kwanza, maana jentamaisini huziumiza: aliyepondwa misuli au mwenye presha ya chini, mimi namwekea seftriaksoni badala yake. Jeraha la shambani au lenye samadi, ongeza metronidazoli.

5. Kinga ya pepopunda. Usisahau.

6. Thieta, kusafisha na kukata nyama iliyokufa. Dawa haiokoi nyama mfu. Daraja la I na II, simamisha antibayotiki saa 24 baada ya kufunga jeraha. La III, saa 72 tangu aumie au saa 24 baada ya mfupa kufunikwa, lolote litakalotangulia. Kuendelea wiki mbili "kwa usalama" ni kufuga vijidudu sugu.

Kwenye faili usiandike "amepewa". Andika saa na dakika.