Jinsi ya Kupanga Mtambo wa Simu za Ofisi Ili Mpigaji Asipotelee Njiani

Kabla ya kuulizia bei ya mtambo wowote, chukua karatasi uchore njia ambayo simu ya mteja itapita, tangu inapoingia ofisini hadi inapopokelewa na mtu mwenye jibu. Mchoro huo ndio utakaomwongoza fundi, kwa sababu mitambo ya siku hizi, hata ile inayoendeshwa na programu huria kama Asterisk, ina uwezo mwingi kuliko mahitaji ya ofisi ya watu ishirini, na tatizo huwa si upungufu wa huduma bali ni kuzipanga vibaya.

Anza na salamu iliyorekodiwa. Iwe fupi, itangulize Kiswahili ikiwa ndiyo lugha ya wateja wako wengi, na machaguo yake yasizidi manne, maana mtu anayesikilizishwa orodha ndefu huku salio lake likiisha hukata simu kabla ya kufika mwisho. Namba 0 iachwe siku zote kwa ajili ya mapokezi, ili asiyejua achague nini ampate mtu wa kuzungumza naye.

Nyuma ya kila chaguo weka kundi la namba za ndani, si mtu mmoja. Simu za kundi zinaweza kuita kwa pamoja au moja baada ya nyingine. Kwa idara ya mauzo napendelea ziite pamoja. Zisipopokelewa kwa sekunde 20, simu iende mapokezi, na huko wakiwa na mazungumzo mengine iingie kwenye foleni, ambapo anayesubiri ataelezwa yeye ni wa ngapi, kwani ukimya humfanya adhani amekatiwa.

Jambo linalostahili mafunzo kuliko yote ni kuhamisha simu. Katika njia ya kwanza, karani humpeleka mpigaji kwenye namba nyingine bila kuzungumza na mwenye namba hiyo. Katika ya pili, humwomba asubiri, humpigia mwenzake, humweleza ni nani anayepiga na anataka nini, ndipo huwaunganisha. Njia hii huchukua muda zaidi, lakini humwepusha mteja kueleza shida yake mara tatu, na ikiwa mwenzake hayupo, karani humrudia mpigaji na kumwambia ukweli. Ifanye kanuni kwa simu zote za malalamiko. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi yenye vifaa vizuri sana ambayo wateja wake walikatiwa simu kila siku, kwa kuwa hakuna aliyefundishwa kitufe cha kuhamishia.

Ikiwa simu zitapita kwenye intaneti, usihangaikie sana kasi. Mazungumzo yanayotumia kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 huhitaji takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, hivyo mazungumzo kumi kwa wakati mmoja hayafikii megabiti moja. Kinachoharibu sauti ni msongamano, pale mtu anapopakia video kubwa kwenye laini ileile. Fundi aipe sauti kipaumbele kwenye ruta. Simu za mezani zipate umeme kupitia kebo ya mtandao, ili UPS moja (betri ya akiba) kwenye kabati la vifaa iziendeshe zote wakati wa katizo. Intaneti nayo ikikatika, kampuni inayokupa laini ielekeze simu zinazoingia kwenye simu ya mkononi ya aliye zamu.

Badilisha nywila zote zilizokuja na mtambo, na ufunge simu za kimataifa kwa namba zisizozihitaji, kwa sababu wezi hupenda kuvamia mitambo usiku na siku za mapumziko ili kupiga namba za nje zenye gharama kubwa. Ukirekodi mazungumzo, mjulishe mpigaji mwanzoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019.

Kazi ikishakamilika, toka nje ya ofisi saa ya chakula cha mchana, piga namba kuu kwa simu yako ya mkononi, ujaribu kila chaguo, ukihesabu sekunde hadi mtu apokee.